Kusaka mabango ya zamani ya serikali: pa kuyapata, jinsi ya kuyakagua na kujua bei kabla hujapigwa

Bango langu la kwanza la vita lilikuja na mikunjo mizuri sana, ile ya kukunjwa likae kwenye bahasha, na rangi imefubaa pembeni vile inavyotakiwa kufubaa, muuzaji kaandika "1943, orijino, lilikuwa la babu" na mimi nikalipa bila kuuliza hata swali la pili. Limefika, nikalitandaza mezani, nikapitisha kidole juu ya mkunjo. Kidole kikateleza tu. Nikarudia, kikateleza tena. Ule mkunjo ulikuwa wa wino! Yaani mtu kachukua picha ya bango halisi lililokunjwa zamani, kaichapa kwenye karatasi mpya, na mikunjo na madoa na kila kitu vikachapwa humohumo. Usiku nikazima taa nikalimulika na tochi ya yuvi, ile ya mwanga wa urujuanimno, likawaka kama shati jeupe kwenye disko.

Basi huu mwongozo nauandika kwa mtu aliye pale nilipokuwa mimi siku ile. Na kabla hatujaanza shika kitu kimoja: picha ni ya bure, unachonunua ni karatasi. Marekani sheria yao inasema kazi aliyoifanya mtumishi wa serikali kuu akiwa kazini haina hakimiliki, Uingereza nako hakimiliki ya serikali kwenye vitu vilivyochapishwa huisha baada ya miaka 50, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kushusha faili kubwa safi kutoka maktaba ya mtandaoni, akachapa nakala elfu, akauza, na wala hajavunja sheria. Kosa linaanzia pale anapokwambia ni ya 1943. Ndo maana kwenye hii fani nakala mpya zimejaa kuliko orijino, na kazi yako kubwa itakuwa kusoma karatasi, picha utaiangalia baadae.

Hatua ya 1: chagua kona yako

Mabango ya serikali ni bahari. Kuna ya kuandikisha askari vita ya kwanza, ya hatifungani za vita, ya kubana mafuta na nguo, ya afya kama kaswende na kifua kikuu, ya moto wa misituni, usalama kazini, umeme vijijini, mapinduzi ya Urusi, China ya Mao, Cuba. Ukisema unakusanya yote utaishia na rundo la vitu visivyojuana, na mbaya zaidi hutajua bei ya hata kimoja, maana bei inajulikana kwa kuona kitu kilekile mara nyingi.

Kwa anayeanza mimi ningesema aanze na mabango ya Marekani ya vita ya pili, hasa ya ile idara yao ya habari za vita iliyoitwa Office of War Information. Yalichapwa mengi, bado yanazunguka, na uzuri wake yanajieleza yenyewe kwenye pambizo la chini, namba ipo, mwaka upo, mchapaji yupo. Ukishazoea hayo ndo uhamie kwenye magumu.

Magumu ni kama yale ya WPA, ule mradi wa ajira wa serikali ya Roosevelt miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940. Inakadiriwa zilichorwa sanaa tofauti 35,000 zikachapwa nakala kama milioni 2, na leo zinazojulikana kusalia ni sanaa kama 2,000 tu, Maktaba ya Bunge la Marekani yenyewe inazo 900 na kitu. Mengi yalichapwa kwa skrini, ule uchapaji wa kusukuma wino kwa raba kupitia kitambaa kama wanavyochapa tisheti, na yalibandikwa, yakatumika, yakatupwa. Pia fahamu kwamba serikali ya Marekani inashikilia kuwa kazi nyingi za sanaa zilizolipiwa na miradi ile bado ni mali yake hata kama zimepita mikono mingapi, kwa hiyo ukikutana na kitu cha aina hiyo uliza historia yake vizuri kabla hujatoa hela.

Na usidanganyike na idadi iliyochapwa. Lile la Uingereza la "Keep Calm and Carry On" lilichapwa 1939 nakala takriban milioni 2.45, karibia yote hayakubandikwa, yakaja kusagwa yatengenezwe karatasi nyingine. Dunia ikalisahau mpaka mwaka 2000, nakala moja ilipoibuka chini ya boksi la vitabu vya mnadani kwenye duka la Barter Books kule Alnwick. Sasa hivi sura yake iko kwenye kila kikombe, lakini orijino yenyewe ni adimu kweli. Upande wa pili lile la Mjomba Sam, yule mzee anayechorwa kama sura ya Marekani, ananyoosha kidole, la James Montgomery Flagg la 1917, lilichapwa zaidi ya nakala milioni 4 na bado watu wanapigana vikumbo kwenye minada kulipata, maana kila mtu analitaka. Kwa hiyo pima vitu viwili, yamebaki mangapi na wanaoyataka ni wangapi.

Hatua ya 2: shinda makumbusho kabla ya kushinda mnadani

Hii watu wanairuka, na ndo hatua isiyo na gharama. Maktaba ya Bunge la Marekani, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, Imperial War Museums ya Uingereza, wote wameweka mabango yao mtandaoni bure, na kwa ya China ile taasisi ya historia ya jamii ya Amsterdam ina hazina kubwa. Ukipata bango unalolipenda usiishie kutazama picha. Andika daftarini vipimo vyake, aina ya uchapaji, mwaka, jina la mchapaji, halafu vuta karibu kwenye pambizo la chini usome yale maandishi madogo neno kwa neno. Fanya hivyo kwa mabango hamsini. Inachosha, najua, lakini siku ukiona moja linauzwa na lile neno la chini halipo au vipimo vimepungua inchi mbili, macho yatakwama yenyewe.

Vipimo ni kitu cha kukariri kabisa. Ya Uingereza mengi yanafuata saizi za zamani za wachapaji, inchi 20 kwa 30 wanaiita double crown, ya reli inchi 25 kwa 40 au yale makubwa ya kulala ya inchi 50 kwa 40. Yale manne ya mchoraji Norman Rockwell ya uhuru wa aina nne, ya 1943, yalitoka kwa saizi tatu, inchi 20 kwa 28, 28 kwa 40 na 40 kwa 56. Ukiona lako lina inchi 24 kwa 36 kamili, au liko kwenye A2 ya siku hizi, hilo limetoka kwenye mashine ya juzi.

Hatua ya 3: pa kusaka

Minada ya mabango ipo, Swann ya New York kwa mfano inafanya minada ya mabango kila mwaka na matokeo ya nyuma unayaona bure, na wapo wafanyabiashara waliojiunga kwenye chama cha kimataifa cha wauza mabango ya zamani ambao wanakupa risiti yenye dhamana ya uhalisia. Kwao bei iko juu, ila unalipia usingizi. Mimi bango langu la kwanza la hela ya maana nililichukua kwa mtu wa hivyo na sijajuta.

Lakini raha ya kusaka iko penginepo. Mabango hayakuwa bidhaa, yalikuwa karatasi za kazi, kwa hiyo tafuta zilipoishia karatasi za kazi: maktaba za shule zinazopunguza vitu, viwanda vya uchapaji vinavyofungwa, mali za marehemu zinapouzwa, maboksi ya magazeti na ramani kwa wauza vitabu chakavu, nyuma ya picha nyingine ndani ya fremu kuukuu maana fundi wa fremu zamani alitumia karatasi ngumu yoyote iliyokuwa karibu. Mabango ya Cuba ya ile jumuiya ya mshikamano ya OSPAAAL mengi yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa ndani ya jarida lao la Tricontinental, kwa hiyo mtu anayeuza majarida ya zamani anaweza kuwa na bango na wala hajui. Mwambie afungue katikati.

Ukitafuta mtandaoni usiandike "bango la zamani" maana utaletewa mafuriko ya nakala. Andika jina la mchoraji, jina la idara, au ile namba ya kwenye pambizo. Muuzaji aliyeandika namba ya pambizo angalau kaligeuza bango akalisoma. Halafu kabla ya kulipa omba picha tano: bango zima na rula pembeni, pambizo la chini karibu kabisa, mgongo wote, kona moja, na picha moja ya taa imelala ubavuni ili mikunjo itoe kivuli. Muuzaji wa kweli anatuma ndani ya siku moja. Anayeanza kukwambia "niamini ndugu yangu" achana naye, na anayesema bango limeshafungwa kwenye fremu hawezi kulitoa, mwambie utasubiri akipata muda wa kulitoa.

Kingine, mihuri. Bango lenye muhuri wa maktaba si baya, mengi yalitolewa kihalali, ila tafuta muhuri wa pili unaoonyesha limeondolewa kwenye hesabu zao. Usipouona, uliza maktaba yenyewe. Kununua mali ya wizi ni hasara mara mbili, hela imeenda na bango nalo litarudi kwao.

Hatua ya 4: kagua, na hapa usiwe na haraka

Lenzi ya sonara inayokuza mara 10, tochi ya yuvi, rula ndefu, mikono iliyooshwa ikakauka. Hivyo tu ndo vifaa.

Anza na kusoma pambizo, maana maneno yenyewe yana umri. Bango la vita ya pili la Marekani huwa na mstari kama "U.S. Government Printing Office: 1943" ukifuatiwa na namba, na mengi ya idara ya habari za vita yana "OWI Poster No." na namba yake. Sasa mitego: zile tarakimu tano za posta kwenye anwani za Marekani zilianza 1963, ukiziona kwenye bango la "1944" funga mkoba. Ile ofisi ya uchapaji ilibadilishwa jina mwishoni mwa 2014, neno Printing likawa Publishing. Yule dubu Smokey wa moto wa misituni alianza 1944, lakini ile kauli yake ya "Only You" ilikuja 1947, na ilipofika 2001 wakabadilisha maneno ya mwisho kutoka moto wa misitu kuwa moto wa porini, wildfires, kwa hiyo bango lenye hilo neno haliwezi kuwa la utotoni mwa bibi yako hata liwe limechakaa vipi. Ya Uingereza ya vita ya pili mara nyingi yana maandishi madogo ya kwamba yamechapwa kwa ajili ya H.M. Stationery Office, ofisi ya uchapaji ya serikali yao, jina la mchapaji, na namba inayoanza na 51. Ya Urusi ya Kisovieti na ya China ndo matamu zaidi, mengi yanaandika kabisa chini mchapishaji, tarehe na idadi ya nakala, unatafuta mtu wa kukusomea tu.

Na kusoma kunaweza kukupindulia hata unachodhani unakijua. Lile la yule mwanamke wa kitambaa chekundu anakunja msuli, "We Can Do It!", watu wengi wanaliita la serikali. Sio. J. Howard Miller alilichora kwa ajili ya viwanda vya Westinghouse, na chini kushoto limeandikwa libandikwe kuanzia Februari 15 hadi 28, wiki mbili tu za 1943, basi. Zinasemwa nakala zisizozidi 1,800. Limekuja kuwa maarufu miaka ya 1980 huko, na karibia kila utakaloliona sokoni ni la kuanzia hapo.

Ukimaliza kusoma, chukua lenzi. Hapa pana kitu watu wanakosea, wanasema ukiona doti ni feki. Si kweli, mabango mengi ya vita ya pili yalichapwa kwa ofseti, ule uchapaji wa mashine ambapo wino unatoka kwenye bamba unapita kwenye raba ndo unafika kwenye karatasi, na picha zake zina doti tangu siku ya kwanza. Cha kuangalia ni doti ziko wapi. Kwenye orijino maandishi huwa yamechapwa kwa wino mzima, herufi nyeusi ni nyeusi tupu na ukingo wake mkali. Kwenye nakala iliyopigwa picha kutoka kwenye bango lingine kila kitu kimegeuka doti, herufi, mpaka rangi ya njano ya karatasi kuukuu. Karatasi ikiwa na "njano" ya doti, hiyo njano imechapwa. Nakala za printa za kisasa zenyewe utaona vipunje vidogo vya wino vimerushwarushwa kama vumbi. Uchapaji wa mawe, ule wa kabla, wa vita ya kwanza na nyuma yake, hauna mpangilio wa doti, una chembechembe zisizo na mstari kama mchoro wa kalamu ya nta. Na ya skrini wino umekaa juu ya karatasi, tabaka juu ya tabaka, ukilaza taa unaona ngazi ndogo pale rangi mbili zilipopandana. Ukishaiona hiyo ngazi mara moja hutaisahau.

Kidole nacho. Mkunjo halisi unausikia, na ukigeuza mgongo unauona uleule upande wa pili, mahali palepale. Tobo la pini linapitisha mwanga. Doa la maji lina ukingo na limepenya. Kwenye lile bango langu nilipoligeuza, mgongo ulikuwa mweupe peee, hauna mkunjo hata mmoja, na picha yenyewe ilikuwa na matobo manne ya pini ambayo hayakuwa matobo.

Mwisho yuvi. Kuanzia kama miaka ya 1950 viwanda vya karatasi vilianza kutia dawa ya kung'arisha, jamaa wa ile ya kwenye sabuni za kufulia, na karatasi yenye dawa hiyo ikimulikwa gizani inawaka buluu nyeupe. Bango la 1917 halitakiwi kuwaka hivyo, likae rangi ya maziwa au kahawia iliyofifia. Ila kuwa mwangalifu kote kuwili: lililobandikwa kitambaa cha kisasa mgongoni linaweza kuwaka kwenye kingo kwa sababu ya kitambaa, na zipo karatasi mpya zisizo na hiyo dawa, kwa hiyo kutowaka peke yake hakuthibitishi uzee. Kuwaka kwa karatasi yenyewe ndo kunakata kesi.

Hatua ya 5: hali ya bango

Wenye soko wanatumia herufi, A ni safi, B ina majeraha ya kawaida, C imeumia, na katikati kuna jumla na kutoa. Herufi ya muuzaji isome kama maoni ya mzazi kuhusu mwanae. Jiangalizie mwenyewe.

Mikunjo kwenye mabango ya Marekani ya vita ya pili isikutishe, yalitumwa kwa posta yakiwa yamekunjwa, kwa hiyo mkunjo ni sehemu ya maisha yake na lisilo na mkunjo ndo linaongezewa bei. Kinachoua ni kukatwa pambizo. Mtu zamani alitaka liingie kwenye fremu yake, akapitisha mkasi, na pale chini zikaondoka namba, mwaka, na mchapaji, yaani kitambulisho chote. Kuchanika kwenye anga tupu si kitu, kuchanika usoni mwa mtu aliyechorwa ni msiba. Selotepu kuukuu inaacha gundi ya kahawia inayoingia ndani ya karatasi na kuitoa ni kazi ya fundi wa uhifadhi, wewe usijaribu na petroli wala nini. Lililobandikwa kwenye ubao kwa gundi ya moto, au kufunikwa na plastiki ya laminesheni, mimi silichukui kabisa, labda kama ni la kutazama tu.

Kubandikwa kitambaa ni habari nyingine. Fundi mzuri anabandika bango kwenye karatasi isiyo na asidi na turubai kwa uji wa wanga wa ngano, mikunjo inalala, na siku ikibidi linabanduliwa kwa maji. Hilo linakubalika sokoni. Ila muulize fundi au muuzaji ni wapi palipakwa rangi, maana sehemu iliyorudishiwa rangi kwenye yuvi inatokeza tofauti na jirani zake, na bango ambalo nusu ya uso wake umepakwa upya mwaka jana haliwezi kulipwa sawa na lenye uso wake.

Hatua ya 6: bei

Bei aliyoandika muuzaji ni ndoto yake. Bei ya kweli ni ile iliyolipwa. Kwa hiyo nenda kwenye matokeo ya minada, tafuta bango lilelile, saizi ileile, toleo lilelile, chukua matokeo ya miaka mitano hivi, toa lile la juu kabisa na la chini kabisa, yanayobaki ndo uwanja wako, halafu sogea juu au chini kwa hali ya lako. Angalia pia kama bei iliyoandikwa ina kamisheni ya mnunuzi ndani au bado, maana nyumba za mnada huongeza asilimia 20 na kitu juu ya pale nyundo ilipogonga, na watu wanalinganisha namba mbili zisizofanana kisha wanashangaa.

Toleo ni neno la kukaa nalo kichwani. Yule Mjomba Sam wa Flagg sura yake ilitoka kwanza kwenye jalada la jarida la Leslie's Julai 1916, ikawa bango 1917, na vita ya pili ikachapwa tena. Picha ni ileile lakini hayo ni mabango tofauti kabisa kwa bei. La 1917 ni kubwa, kama inchi 30 kwa 40, na linabeba jina la mchapaji wake Leslie-Judge wa New York. Mtu akikuuzia la 1941 kwa bei ya 1917 kakuuzia jina.

Kinachopandisha kingine ni kugombewa na makundi mawili. Bango la jeshi la anga halitafutwi na wapenzi wa mabango peke yao, wapenzi wa ndege nao wako mlangoni. Bango la umeme vijijini la Lester Beall, zile za 1937 na kuendelea, linatakiwa na wakusanya mabango na linatakiwa na watu wa usanifu, maana huyu bwana makumbusho ya sanaa ya MoMA ya New York yalimfanyia maonyesho yake peke yake 1937 hiyohiyo. Ila bango la kuhimiza watu wajaze fomu kwa wakati, lenye maneno mia na hakuna picha, hata liwe limebaki moja duniani, utakaa nalo. Mimi ninayo mawili ya hivyo. Nayapenda, lakini najua.

Na ukipeleka kwa mtu akupe thamani mwambie ni ya nini. Ya bima ni bei ya kulinunua tena dukani, iko juu. Ya kumuuzia mfanyabiashara iko chini sana maana naye lazima ale. Ukichanganya hizi mbili utagombana na mtu asiye na kosa.

Hatua ya 7: likishafika kwako

Laza, usikunje tena. Mfuko wa plastiki ya poliesta na karatasi isiyo na asidi nyuma, kwenye droo au boksi bapa, chumba ambacho unyevu hautoki sana nje ya asilimia 35 hadi 50, sio darini sio chini ya bomba. Kama lazima liviringwe basi tyubu pana, nyembamba zinalizoesha kujikunja na siku ya kulifungua linapasuka. Kumbukumbu zako, ulinunua lini, wapi, kwa nani, kwa shilingi ngapi, na picha za siku lilipofika, andika kwenye daftari na kwa penseli kwenye mfuko, usiandike kwenye bango hata mgongoni.

Ukutani lisigusane na kioo, weka kadi ya pembeni ilipe nafasi, kioo kiwe cha kuzuia yuvi, na hata hivyo lisitazame dirisha, maana nyekundu na njano za zamani zinaondoka kimyakimya na hazirudi. Wengi tunaishia kuweka orijino kwenye droo na kutundika nakala. Mimi nakala nilikuwa nayo tayari, ile "1943 ya babu", nimeitundika koridoni mkabala na dirisha kubwa, jua linaila kila mchana, mikunjo yake ya wino imeshaanza kupauka.